Samaki Sita Ndani ya Ndiva

Kila Jumapili baada ya ibada napanda kwenda kwenye ndiva na ufito wangu wa mwanzi, na wanaoniona hucheka. Mwanamke mzima, fundi cherehani mwenye kibanda chake sokoni Same, anapiga magoti kwenye majani na kurusha uzi juu ya maji! Nawaacha wacheke. Mimi mwenyewe nina ulimi mkali na nimewacheka wengi. Kicheko chao hakijawahi kuniumiza. Kilichoniumiza ni kingine, na hicho nilikileta kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa, na sisi Wapare tumekuwa nalo tangu enzi za mababu. Maji ya kijito huingia humo usiku kucha, na asubuhi tundu la ukutani huzibuliwa, maji yakateremka mferejini kwenda kwenye mahindi na maharage ya watu kwa zamu. Tundu lenyewe huzibwa kwa kipande cha mgomba na udongo, na liko juu kidogo ya sakafu, kwa hiyo hata ndiva ikifunguliwa hubaki maji ya kufika kiunoni. Jumapili haifunguliwi, maji hulala yamejaa. Ukuta ni wa mawe na udongo, na kuutunza ni kazi ya kila nyumba. Baragumu likilia ni msaragambo: kila mji utoe mtu, na mtu aje na jembe au karai. Asiyetokea hutozwa faini, lakini faini si kitu. Kitu ni kusemwa.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa ndiva hiyo tangu mimi sijaota meno. Ndiye aliyeziba jioni na kuzibua asubuhi, na ndiye aliyejua zamu ya nani imeruka na ya nani imeibwa. Alikuwa na dawa yake ya kukandika ukuta kwa ndani: udongo wa mfinyanzi, samadi ya ng'ombe na makapi ya mahindi, vyote vikanyagwe kwa miguu mpaka vishikane. Makapi, alisema, ndiyo yanayoushika udongo usipasuke. Kila alipoona ufa alikandika. Watu walimtania kwamba anaulisha ukuta vizuri kuliko mbuzi wake, naye alijibu kwamba mbuzi wake hajawahi kumnywesha mtu maji.

Nilirudi kwake baada ya ndoa yangu kuvunjika. Miaka tisa bila mtoto, mume akaoa mwingine, nami nikafunga cherehani yangu juu ya basi nikarudi kwetu. Siku za wiki nilishona Same, Ijumaa jioni nikapanda mlimani kwa bodaboda. Baba hakuniuliza neno. Wengine waliniuliza kwa niaba yake, kisimani, kanisani, njiani, mpaka nikawa naogopa shikamoo za watu kwa sababu nilijua kinachofuata baada ya marahaba.

Ndipo nikapata kazi ya kushona mapazia na mashuka ya hospitali ya misheni, na huko nikamkuta daktari mmoja mzee wa Kizungu, mstaafu, aliyekuwa na kidimbwi nyuma ya nyumba yake. Ndani alifuga samaki ambao sikuwahi kuwaona: wanene, magamba mapana ya rangi ya shaba, na masharubu mafupi pembeni mwa mdomo. Jina lao la Kizungu lilinishinda, na watu wa pale waliwaita tu samaki wa daktari. Hakuwavua kwa nyavu wala kwa minyoo. Alifunga manyoya na nyuzi kwenye ndoano ndogo mpaka ikafanana na mdudu, akaurusha uzi mrefu kwa ufito mwembamba, mbele, nyuma, mbele, mpaka yule mdudu wa uongo akatua juu ya maji taratibu.

Aliniona nikitazama, akanipa ufito. Nilifaa kwa kazi ile. Mkono wa fundi hautetemeki, na nyuzi nilikuwa nazo za kila rangi. Samaki wale ni waoga. Ukisimama wanakuona, ukikohoa wanakusikia. Unapiga magoti, unanyamaza, unangoja viputo vipande juu pale wanapochimbua tope kwa mdomo, na kwa saa nzima hakuna binadamu anayeweza kukuuliza una watoto wangapi. Sikumwambia daktari hivyo. Nilimwambia tu kwamba napenda.

Miaka miwili baadaye alirudi kwao, na waliohamia nyumba yake wakataka kukifukia kidimbwi wapande mboga. Alinipa ufito, mkebe wa ndoano na ruhusa ya kuchukua samaki wa kupika. Akaniambia jambo moja, kwa Kiswahili chake cha polepole, kwamba samaki hawa wana pua ya nguruwe, na wasiwekwe kamwe penye ukuta wa udongo. Nilimwitikia. Kuitikia si kusikia, na mimi siku ile nilikuwa nimeshaamua. Nilivua sita wakiwa hai, nikawatia kwenye ndoo ya lita ishirini, nikaifunika kwa khanga, nikapanda bodaboda nayo mapajani. Dereva aliuliza nimebeba nini kinachonigonga hivyo. Nikamwambia ni uji, aendeshe polepole.

Kwetu hakuna kinachoingizwa kwenye ndiva bila wazee kuambiwa. Hata kuoga humo ni mwiko, hata kunawa miguu. Nililijua hilo kuliko wengi, mimi mtoto wa mlinzi. Lakini niliwaza kwamba samaki ni samaki, kwani vijito vyetu havina samaki? Nikawamimina alasiri baba akiwa shambani, wakazama wote sita pamoja, na nikasikia furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nitoke kwa mume wangu. Siwezi kuikana furaha ile. Ilikuwepo.

Mwaka wa kwanza uliniponya. Juu ya ukingo kuna mforosadi, na matunda yake yakiiva huanguka majini, tup, tup, na samaki wakajifunza kuyafuata. Nilikata sufu ya zambarau kutoka kwenye mabaki ya sweta za shule, nikafunga ndoano iliyofanana na forosadi hasa, nikaiangusha chini ya mti kwa mlio uleule. Wakija, wanakuja wazito, mdomo mweupe unafunguka juu ya maji bila haraka. Niliwarudisha majini karibu wote. Watu walijua navua na wakadhani nafukuzana na vidagaa vya kijito. Baba aliniuliza kila Jumapili nimemkamata nani leo, na mimi nikamjibu kwamba nimemkamata mzee wa kanisa lakini nimemwachia.

Mara moja tu nilimpikia mmoja. Nikasema nimemnunua sokoni Same, ametoka mabwawa ya chini. Alikula taratibu, akitoa miba na kuipanga ukingoni mwa sahani. Alipomaliza alinawa, akasema samaki ni mtamu, ila ana ladha ya ndiva. Nilicheka. Yeye hakucheka, wala hakuendelea na maneno hayo.

Baada ya hapo maji yakaanza kuchafuka. Zamani asubuhi, kabla ya kuzibuliwa, ungeweza kuona mawe ya chini. Sasa yalikuwa rangi ya chai ya maziwa kila siku, na mifereji ikajaa tope. Wenye mashamba wakanung'unika. Baragumu lililia mara mbili zaidi mwaka ule, na watu wanaochota tope wasiloelewa limetoka wapi hutafuta wa kumlaumu. Wakasema mzee amechoka, haoni, anazibua ovyo. Baba alizidi kukandika. Kila alipoona ukuta umelika kwa chini, alikanyaga udongo mpya, akaongeza samadi, akaongeza makapi.

Nami nilikuwa napiga magoti ng'ambo ya pili, naona viputo vikipanda mstari mmoja kando ya ukuta, pale pale alipokandika jana. Walikuwa wanayafuata makapi. Baba aliweka chakula, wao wakakila pamoja na ukuta. Niliona, nikaelewa, nikajiambia Jumapili ijayo nitawatoa. Nilijiambia hivyo Jumapili nyingi. Tayari walikuwa wamezaa, hawakuwa sita tena, na ningewatoa wangapi kwa ndoano moja bila mtu kuuliza? Ukitaka kujua jinsi mtu anavyomwangusha mzazi wake, ni hivyo: kwa kuahirisha.

Ukuta ulitoboka mwaka wa ukame, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wakati ambao maji ya siku mbili ndiyo shibe ya mwaka. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Nilimsikia baba akipiga kelele, nikakimbia na khanga moja, nikamkuta amezama hadi kifuani ndani ya ndiva, mgongo ameuegemeza ukutani, anajaribu kuziba tundu kwa mwili wake. Aliniambia nilete migomba. Nilileta. Tulisukuma wote wawili mpaka ukuta ukalegea upande wake, ukaenda. Maji yalishuka na kingo tatu za mashamba ya chini, yakachukua maharage na migomba ya jirani, yakaufukia mfereji mkuu kwa mawe. Hakufa mtu. Baba alibaki amekaa kwenye tope, anatetemeka, na pembeni yake samaki walikuwa wanarukaruka.

Watu walipofika walishangaa samaki kwanza. Wakubwa, wengi, wa bure. Akina mama waliwaokota kwa makarai, na mchana ule kila jiko lilinuka samaki. Kuna aliyesema Mungu akichukua kwa mkono huu hutoa kwa mkono ule. Kijiji kizima kilikula kilichokula ukuta wake, na mimi nilipewa wawili nikaenda kuwazika nyuma ya choo.

Mkutano ulikaa siku ya tatu. Lazima nieleze desturi yetu hapo. Anayelaumiwa husimama mbele akajieleza. Akikubali kosa, hakuna anayeruhusiwa kumkanusha, hata kama anajua vingine, ila mwenye kosa lenyewe. Kwa hiyo mwenyekiti wa ndiva huuliza mara tatu kama kuna mwenye neno, na kila akiuliza hungoja. Baba alisimama na koti lake la kanisani. Alikuwa anakohoa tayari. Waliuliza ilikuwaje ndiva ijae mpaka ukuta utoboke na mlinzi yupo.

"Nilipitiwa na usingizi," alisema baba.

Zaidi ya miaka thelathini na hajawahi kupitiwa na usingizi. Nilijua, kwa sababu nililala chumba cha pili na asubuhi ile nilimsikia akitoka. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikatazama miguu yangu. Akauliza mara ya pili. Nikamtazama baba, naye akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kwa namna aliyokuwa akinikataza kugusa chungu cha moto nilipokuwa mdogo. Nilijua nikisimama nitafukuzwa, mwanamke aliyerudishwa na mume sasa arudishwe na kwao. Na nilijua nisiposimama, yeye ndiye atakayekufa na jina hilo. Yote mawili niliyajua vizuri. Mara ya tatu mwenyekiti aliuliza akangoja muda mrefu mno, mpaka watoto wakaanza kunong'ona. Sikusimama. Niliogopa, basi. Sina neno jingine la kulipamba.

Walimvua ulinzi. Na kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwaita wengine, adhabu yake ilikuwa aanze yeye kila msaragambo, abebe karai la kwanza mbele ya watu wote mpaka ukuta usimame. Alibeba na kikohozi chake. Nilipotaka kumpokea karai hakuniachia. Ukuta ulipofika kiunoni mwa mtu, yeye hakuweza tena kupanda kilima.

Hospitali walisema ni mapafu, na kwamba amechelewa. Alilala nyumbani wiki tatu. Nilimlisha, nilimfulia, na kila siku nilifungua mdomo nimwambie, na kila siku yeye akaomba maji au akaomba dirisha lifunguliwe. Siku moja, nikimgeuza, alisema, "Waliobaki, mama, watoe wote." Alizoea kuniita mama. Nikamwitikia, na safari hii nilisikia. Hatukusema zaidi, na sasa nafikiri hakutaka nimwombe msamaha kwa sababu ningemlazimisha kukiri kwamba hakulala.

Tukamzika. Wasifu wake ulisomwa, na mahali pa ndiva msomaji aliruka mstari.

Ndiyo maana navua. Wadogo walibaki kwenye mashimo ya tope na kijitoni, na ukuta mpya uliposimama wakarudi na maji. Miaka sita kila Jumapili nawatoa mmoja mmoja, kwa ndoano ya forosadi, kwa ndoano ya mdudu, kwa ndoano ya makapi niliyoifunga kwa uzi wa manjano baada ya kuona wanachopenda. Sirudishi hata mmoja. Lakini samaki huyu hujifunza. Wakubwa waliobaki wanaijua sura yangu kuliko majirani, na kuna mmoja, pezi lake la mgongoni limechanika, aliyenikimbia misimu mitatu.

Na jina la baba? Likawa neno. Kwetu mtu akisinzia kanisani au akichelewa kazini huitwa kwa jina lake. Msichana mmoja wa kwetu alikuja kibandani kwangu kuchukua sare yake, akamkuta mwanafunzi wangu wa ushonaji amelala juu ya kitambaa, akamwamsha kwa jina hilo. Hakujua ni la nani. Nilimpimia upindo, nikamfungia mzigo, nikaingia nyuma ya pazia nikauma khanga.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, maji yalichafuka tena. Mlinzi wa sasa ni mwanamume mwenye watoto wanne, hodari, hanywi. Nikaona ukuta umelika kwa chini, nikaona anakandika. Alijifunza kwa baba: mfinyanzi, samadi, makapi. Halafu nikasikia kisimani wakisema huyu naye ameanza kusinzia, wakamwita kwa jina la baba, wakacheka. Usingizi ulinipaa siku nne.

Jumapili iliyofuata nilikaa chini ya mforosadi tangu saa sita. Matunda yalikuwa yanaanguka. Nilirusha mara moja tu, kimya, yule mwenye pezi lililochanika akafungua mdomo wake mweupe, akachukua. Nilipigana naye mpaka magoti yakachubuka. Sikumuua. Nilimtia kwenye ndoo ileile.

Kesho yake baragumu lililia. Watu walipokusanyika ukutani, mwenyekiti, yuleyule, mzee sana sasa, alimwita mlinzi mbele na kumuuliza kuhusu tope. Kabla mtu yule hajajibu nilipita katikati ya watu na ndoo yangu, nikaiweka chini mbele ya mwenyekiti. Nikampa shikamoo. Samaki alipiga maji yakamrukia miguuni.

"Hawa niliwaleta mimi," nikasema. "Ndio wanaokula ukuta. Na baba yangu hakulala."

Nilingoja matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata nguo zangu nilikuwa nimeshazifungasha. Mwenyekiti aliinama akamtazama samaki kwa muda, akaniambia hilo si jipya. Aliyelala, alisema, hakutwi na tope la kifuani kabla jua halijatoka. Na kijiji hiki kina mvuvi mmoja tu. Walijua wote, tangu siku ile, lakini neno la baba lilikuwa limeshatoka na wa kuliondoa alikuwa mtu mmoja.

"Niliuliza mara tatu, mwanangu," alisema. "Ya tatu nilikuwa nakungoja wewe."

Hakunifukuza. Hakuna aliyetaka kunifukuza, wala siku ile ya mkutano wa baba wasingenifukuza. Hilo pia nililijua pale, nikiwa nimechelewa miaka sita. Mwenyekiti aliokota karai, akanipa, akasema nianze. Nikajaza tope, nikaliweka kichwani, nikatangulia. Nyuma yangu kuna aliyekuwa anajikokota, na mwenzake akamhimiza kwa jina la baba, kwa mazoea tu. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkataza.